Ukuta wa Bado Mapema

Makambako nzima, kuanzia stendi ya mabasi mpaka stesheni ya reli, hapakuwa na ukuta uliosomwa na watu wengi kama ukuta wa Paskalina. Ukiacha kuta za benki, na za shule, na za makanisa yote, na ule wa choo cha stendi ambao msafiri anausoma kwa lazima akiwa amechuchumaa, ukuta wa Paskalina ulikuwa wa kwanza.

Ulikuwa ukuta wa kilabu cha ulanzi, ile pombe ya mianzi, wa tofali za kuchoma, umeelekea barabara ya Njombe. Juu yake, kwa rangi nyekundu iliyoanza kuchoka, palikuwa na maneno manne: KAA KIDOGO, BADO MAPEMA. Kilabu hakikuwa na jina lingine. Madereva wa malori walielekezana kwa simu, tukutane Bado Mapema, na hata mwenyekiti wa mtaa akitaka kumwonyesha mgeni njia alianzia pale, ingawa mwenyewe anasali Kilutheri na anasema pale hajawahi kuingia. Paskalina hakumbishia. Alijua mwenyekiti anaingilia mlango wa nyuma.

Alikuwa mjane wa miaka sitini na kidogo, na hicho kidogo hakuwa anakitaja. Kilabu alikifungua mwaka uliofuata baada ya kumzika mume wake, Filbert. Wateja walimwuliza maneno yale kayatoa wapi, naye akajibu kila mara kwamba ni ya marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kupenda wageni. Wateja wakatikisa vichwa kwa heshima, wakakaa kidogo. Wengine walikaa mpaka wakabebwa.

Halafu siku moja ya mwezi wa tatu, ulanzi umepamba moto, likaja gari dogo lililochorwa nyota saba mlangoni, akashuka kijana wa fulana safi. Jina lake Elius. Alikuwa wakala wa kampuni ya bia ya Nyota Saba kwa upande huu wote, na alisimama mbele ya ukuta muda mrefu kama mtu anayesoma tangazo la msiba.

Nyota Saba Paskalina aliijua. Nani asiyeijua. Bango lake lilikuwa njia panda, kubwa kuliko nyumba ya paroko, lina kijana anacheka na chupa mkononi, na chini yake maneno yale yale ya Paskalina. Miaka yote alilipita bango lile akajisemea hawa watu wameiga vizuri. Alifurahi hata. Hakujua kwamba mtu anaweza kuiba kitu chako halafu akaja kukudai wewe.

Elius alimwamkia, akakataa kigoda, akaeleza kwa Kiswahili cha ofisini. Maneno yale yamesajiliwa. Kampuni inayamiliki kisheria tangu Septemba mwaka 2006, sawasawa na mtu anavyomiliki kiwanja kwa hati. Mfano huo haukusaidia, kwa sababu Paskalina alikuwa na kiwanja na hati hakuwa nayo.

"Kwa hiyo mgeni akija nikamwambia akae kidogo, nakamatwa?"

"Kumwambia unaweza, mama. Kuandika kwenye biashara ya kilevi ndiyo hairuhusiwi."

"Na nikimwambia kwa sauti kubwa?"

Elius akatazama viatu vyake. Alikuwa kijana wa watu, mzaliwa wa Kidugala, na mama yake angemsikia anabishana na mtu mzima angemkata kauli palepale. Akasema ana maagizo. Ukuta upakwe rangi mwezi usiishe, la sivyo kampuni itakwenda mahakamani. Paskalina akamwambia maneno hayo ni ya mume wake, yalisemwa nyumba hii kabla wewe hujaota meno. Elius akaishika kauli hiyo kama mtu aliyepata pa kutokea. Akapiga simu, akaongea pembeni, akarudi. Mwanasheria wa kampuni anatoka Dar es Salaam anakwenda Songea, atapita hapa. Kama mama anaweza kueleza, kwa siku na kwa mashahidi, kwamba maneno yalitumika kwake kabla ya usajili, ukuta unaweza kubaki.

"Na nisipoweza?"

"Basi, mama, nitakuja na rangi mwenyewe. Sitaki ugharamike."

Alisema hivyo kwa wema kabisa, na ndicho kilichomuudhi Paskalina kuliko yote.

Alipanda kwenda Njombe kutafuta msaada wa serikali, amevaa koti la marehemu kwa ajili ya baridi na viatu vya kanisani kwa ajili ya ofisi. Mvua ilikuwa ile ya Njombe, isiyonyesha wala isiyoacha. Ofisi ya kwanza walimwambia anayeshughulika na mambo hayo yuko kikaoni. Akasubiri kwenye korido, amesimama, kwa sababu benchi lilikuwa na mafaili. Mhusika alipotoka alimsikiliza huku akitembea, akamwambia hilo ni suala la utamaduni.

Wa utamaduni alikuwa binti mpole mwenye kikombe cha chai. Akataka kujua kama maneno hayo huwa yanaimbwa au kuchezwa ngoma, maana yakiimbwa yanaweza kuingia kwenye urithi. Paskalina akafikiri, akasema yanaimbwa, ila na walevi. Binti akacheka, akasema basi hilo ni la biashara.

Wa biashara alikuwa mzee mwenye miwani ya kamba. Alimsikiliza vizuri mpaka mwisho, Paskalina akaanza kupata moyo. Kisha mzee akavua miwani, akauliza leseni ya hicho kilabu iko wapi, na choo chake kilikaguliwa lini. Paskalina akasema ameacha sufuria jikoni. Jiko lenyewe liko Makambako, lakini mzee alikuwa mstaarabu, hakuuliza.

Akatoka nje, akashuka mpaka mtaa wa Ramadhani kutafuta gari la kurudi, viatu vya kanisani vimejaa maji. Siku nzima mjini Njombe hapakuwa na mtu hata mmoja aliyemwambia akae kidogo.

Shahidi alikuwa mmoja tu, na alikuja mwenyewe kila asubuhi. Xaveri alikuwa mgema. Alfajiri na jioni aliingia kwenye mianzi yake, akalikata upya kidogo kila chipukizi, akalitegea mbeta, kile kikopo cha mwanzi kinachopokea maji yake, na asubuhi akafunga madumu kwenye baiskeli akaleta kwa Paskalina. Alikuwa mtu wa Uwemba, aliyelelewa na mapadri akatoroka mapema, na alikuwa rafiki wa Filbert toka ujana. Walikunywa pamoja, wakaanguka pamoja, na siku ya mwisho yeye ndiye aliyembeba.

Paskalina alimmiminia lita moja ya ule mtogwa, mtamu, uliolala usiku mmoja tu, akamwambia anachotaka. Aje aseme kwamba alimsikia Filbert akiwakaribisha wageni kwa maneno yale.

Xaveri akanywa kwanza. "Nilimsikia akiyasema, ndiyo. Siyo kwa wageni, Mama Idda."

"Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Kila Pasaka naungama, na padri wetu ni mtu wa maswali. Dhambi zangu za kawaida zinanitosha." Akafuta povu mdomoni. "Wewe sema kweli. Kweli yenyewe ni ya zamani kuliko hiyo Septemba yao. Itakutosha kabisa."

Paskalina akamwambia anyamaze, anywe.

Kwa maana kweli alikuwa anaijua, na Xaveri alikuwa anaijua, na wengine walioijua walikwisha kufa kwa kinywaji kile kile. Maneno yale hayakuwa ya Filbert. Yalikuwa ya Paskalina. Alikuwa akiyasema mlangoni, jioni, mvua za masika zinanyesha na ulanzi umejaa kila kona, mume wake amekwisha kuvaa koti. Kaa kidogo, bado mapema. Alikuwa hamkatazi kwenda, alikwisha kujifunza kutomkataza. Alikuwa anaomba kidogo tu, mtoto amalize kula, au mvua ipungue. Filbert alikwenda. Na alipofika kwa wenzake kilabuni aliingia kwa mbwembwe, ameshika kiuno, anaigiza sauti ya mke wake, nyembamba, ya kuomba: kaa kidogooo, bado mapema. Kilabu kizima kiliangua kicheko. Ikawa ndiyo salamu yao. Mtu akiinuka kwenda nyumbani, wenzake wanamwomba kwa sauti ya Paskalina. Mchuuzi wa bia aliyekuwa akipitisha gari lake pale akacheka nao, akaondoka na maneno, na miaka michache baadaye yakawa juu ya bango.

Filbert alipokufa, Paskalina aliyapaka ukutani yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Alisema moyoni kwamba kama wamecheka bure muda wote huo, sasa watacheka wakilipia. Na kwa kweli walilipia. Sasa amwambie mwanasheria wa Dar es Salaam kwamba tangazo lao lote ni mwanamke anamlilia mumewe asiende kulewa? Na aliseme hilo mbele ya mwanawe, Idda?

Idda ndiye alikuwa tatizo, na Idda ndiye aliyekuja na dawa.

Alikuwa mtoto wao wa pekee. Baba yake alipofariki alichukuliwa na shangazi yake Dar es Salaam, akasoma huko, akafanya kazi huko, akarudi juzijuzi tu kufungua kibanda cha kutuma na kupokea fedha karibu na stendi. Ulanzi hanywi, anasema unamfanya aumwe kichwa. Mbeta anaziona, ila ukimwuliza inategwa vipi atakuambia umwite Mzee Xaveri.

"Mama, si kipaimara changu?" alisema, akaweka sufuria chini kabisa kwa furaha. "Si ndiyo siku baba aliyasema?"

Paskalina alikuwa anapepeta mchele. Mikono haikusimama, ila mchele ulianza kumwagika nje ya ungo.

Ilikuwa hivi. Siku Idda alipopata kipaimara, Baba Askofu kaja, kanisa limejaa, mtoto amevaa gauni jeupe la kuazima, Filbert hakuonekana. Si kanisani, si kwenye chakula. Kesho yake mtoto akaja na picha aliyopigwa na mpiga picha wa parokia, yuko na mama, yuko na msimamizi wake, akauliza baba yuko wapi hapa. Paskalina akamjibu lililomjia. Baba alikuwa ndani, anawakalisha wageni. Walitaka kuondoka, yeye akawa anawaambia kaa kidogo, bado mapema, leo ni siku ya mwanangu. Wewe ulikuwa umechoka, umelala. Mtoto akaridhika. Na kila aliposimuliwa tena, maana aliomba asimuliwe tena na tena, wageni waliongezeka, na ulanzi ukaongezeka, na Filbert akazidi kuwa mtu mzuri.

Idda alikuwa na cheti cha kipaimara chenye tarehe. Mwezi wa nane, mwaka 2006. Kabla ya Septemba yao. Akakigonga kwa kidole. "Wameumbuka, mama. Waje hapa na mabango yao."

Paskalina angeweza kusema pale pale. Badala yake akaanza kuokota mchele chini, punje kwa punje, akamwambia mwanawe kwamba ni kweli, ni siku hiyo hiyo.

Mwanasheria alifika alasiri. Alikuwa mtu mzima kidogo, mwembamba, jina lake Abel, na kinyume na matarajio ya Paskalina alikuwa na adabu. Alimwamkia, akavua kofia, akakaa kwenye benchi la walevi bila kulifuta. Wateja walikuwa wameombwa watoke, wakatoka mpaka dirishani. Xaveri alikuwa nje kwenye baiskeli yake, mguu mmoja chini, amekataa kuingia na amekataa kuondoka. Elius alisimama mlangoni. Idda alikaa karibu na mama yake, cheti mapajani ndani ya bahasha.

Abel aliweka simu mezani inayorekodi, akasema mama asiogope, aeleze tu kama anavyomweleza jirani. Paskalina akamtengea kwanza lita ya mtogwa. Mwanasheria akaionja kwa heshima, halafu akainywa bila heshima.

Basi akaeleza. Alikuwa ameisimulia habari ile mara nyingi mno kwa mtoto, ikawa inajiendea yenyewe kama baiskeli kwenye mteremko wa Mji Mwema. Akamweleza Baba Askofu, na gauni jeupe, na wageni kutoka Uwemba waliotembea kwa miguu. Akaeleza walivyotaka kuondoka mapema, na Filbert alivyosimama mlangoni na mikono miwili amewazuia. Abel akacheka. Idda akajifuta jicho kwa ncha ya kitenge. Nje dirishani walevi walinyamaza kabisa, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Na aliwapa kinywaji?" aliuliza Abel. Alitaka tu picha ikamilike.

"Kinywaji?" Paskalina akamwonea huruma. "Baba yangu, ulanzi ulikuwa unamwagika. Umegemwa asubuhi ile ile, mbeta zina povu bado. Mtogwa kwa kina mama, mkangafu kwa wanaume, ule mkali. Anamimina, anasema kaa kidogo, bado mapema. Anamimina, anasema tena."

Abel akaegemea nyuma. Akasema kwa upande wake ameridhika. Tarehe ipo, tukio lipo, ukuta ubaki. Tena angewaambia wenzake kwamba habari kama hii kampuni ingepaswa kujivunia. Idda akamshika mama yake mkono, akauinua kama wa mtu aliyeshinda.

"Kamwene, mama," alisema Elius kutoka mlangoni.

Wote wakageuka. Siku zote tangu aje hakuwahi kutamka neno la Kibena, na salamu yenyewe ilitoka kwa shida, kama mtu anayeomba radhi kabla ya kosa.

"Kamwene," alijibu Paskalina.

"Mwezi wa nane mlikuwa mnagema wapi?"

Dirishani mlevi mmoja akasema taratibu, ala, kumbe, mwenzake akampiga kiwiko.

"Mwaka ule mvua zilichelewa kuisha," alisema Paskalina.

"Mpaka mwezi wa nane, mama?"

"Tulikuwa tumeuhifadhi."

Elius akainamisha kichwa. Ulanzi wa wiki moja ni mkali, wa wiki mbili unaufukuzia nguruwe, na hilo linajulikana na mtoto yeyote kuanzia Kidugala mpaka Ludewa. Abel akawatazama mmoja mmoja, akauliza kuna nini. Elius ikabidi amweleze, kwa sauti iliyozidi kushuka kwa kila neno. Kwamba mwanzi unagemwa mvua ikiwepo. Kwamba masika yakiisha chipukizi linakuwa mti, halitoi tone. Kwamba mwezi wa nane huku ni vumbi na baridi, na kwenye sherehe watu wanakunywa komoni, pombe ya mahindi. Hakuna anayeweza kusahau hilo. Labda kama hakuwepo. Au kama sherehe yenyewe haikuwepo.

Abel akanyoosha mkono, akazima simu. Alivaa kofia yake, na kuvaa kwenyewe kulitosha.

"Sherehe ilikuwepo," alisema Idda. "Nilikuwepo mimi." Alikuwa anamtazama mama yake, sio mwanasheria. "Wageni walikuwepo. Si ndiyo, mama?"

"Walikuwepo, mwanangu."

"Na baba?"

Paskalina akaanza kufuta meza kwa kiganja. Idda akasimama, akaenda dirishani, walevi wakampisha.

"Baba mdogo," alimwita Xaveri. "Siku ya kipaimara changu ulikuwa wapi?"

Xaveri akachezea kengele ya baiskeli kwa kidole gumba, bila kuiliza. "Kilabuni, mwanangu."

"Na nani?"

Mzee akatazama madumu yake. Akatazama ukuta, na maneno mekundu, na mvua iliyokuwa inaanza tena kuyalowesha.

Idda alirudi mezani akachukua bahasha yake. Hakupiga kelele, alikuwa amelelewa vizuri. Akaikunja bahasha mara mbili, akaitia mkobani, akajifunga kitenge kichwani kwa ajili ya mvua. Alipita katikati ya Abel na Elius, naye Elius akajibana kwenye mwimo wa mlango kumpisha.

Paskalina akainuka. Akamfuata mpaka kizingitini, akashika mwimo kwa mkono mmoja.

"Kaa kidogo, Idda," alisema. "Bado mapema."

Na Xaveri, aliyeicheka sauti ile ikiigizwa kilabuni miaka nenda rudi, akaisikia yenyewe kwa mara ya kwanza.